Je, Duka Dogo Litumie Ujumbe Mfupi wa Simu Kutafuta Wateja?

Ndugu Mshauri,

Salaam, na pole kwa kazi. Mimi ni mama mwenye duka la vyakula na dawa za mifugo huku Chanika, Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya biashara yangu ni vifaranga wa kuku wa nyama pamoja na chakula chao. Wateja wangu ni wafugaji wadogo wa Pugu, Majohe, Msongola na Gongo la Mboto, watu wenye kuku mia moja hadi mia tatu nyuma ya nyumba. Wengine ni waajiriwa wanaotoka asubuhi na mapema kwenda mjini na kurudi usiku, na banda wamemwachia kijana wa kazi.

Tangu nilipofungua duka nimekuwa nikiandika kwenye daftari kubwa jina la kila anayechukua vifaranga, namba yake ya simu, idadi aliyochukua na tarehe. Nilifanya hivyo kwa ajili ya madeni, na pia ili kundi la vifaranga likileta tatizo niweze kuwapigia waliolichukua. Daftari hilo sasa lina watu kama mia nne.

Mwaka huu maduka ya aina yangu yameongezeka barabarani na mauzo yamepungua. Hivi karibuni alinijia kijana anayefanya kazi ya kutuma meseji za matangazo kwa wingi. Anasema ana namba elfu tano za watu wa Wilaya ya Ilala, kwamba jina la duka langu litaonekana mahali pa namba ya mtumaji, na kwamba karibu kila meseji inayotumwa husomwa. Shemeji yangu ananionya kuwa watu watatuhesabu pamoja na wale matapeli wa «ile pesa tuma kwenye namba hii». Binti yangu naye anasema meseji zimepitwa na wakati, kila mtu yuko WhatsApp. Faida yangu kwenye mfuko mmoja wa chakula cha kuku ni kama shilingi 3,000, na fedha ninayoweza kuitenga ni laki mbili, ambayo ningeweza pia kuongezea mifuko dukani. Je, nijaribu, au niachane na jambo hili?

Mama Mfugaji, Chanika

*

Mama Mfugaji,

Ahsante kwa barua iliyoeleza mambo kwa uwazi kiasi hiki. Ushauri wangu ni kwamba ujaribu, lakini ujaribu kwa daftari lako mwenyewe, na namba elfu tano za huyo kijana usizinunue hata akikupunguzia bei mpaka nusu. Naomba nieleze sababu kwa kirefu, kwa kuwa naona watu wote watatu waliokushauri wamelitazama jambo hili kama tangazo, na hakuna aliyeitazama ile safu ya tarehe uliyoiandika kwa mkono wako.

Mfugaji wa kuku wa nyama anaishi kwa kalenda. Vifaranga wakishaingia bandani, katika ratiba inayotumika sana hapa kwetu chanjo ya mdondo hutolewa siku ya 7, chanjo ya gumboro siku ya 14, na ile ya mdondo hurudiwa siku ya 21. Chakula cha kuanzia kinafuatwa na cha kumalizia, na kati ya wiki ya tano na ya sita kuku wanakuwa tayari kwa soko. Wewe unajua siku hizo zote kwa kila mteja, kwa sababu uliandika tarehe aliyochukua vifaranga. Yeye, akiwa kwenye foleni ya kurudi nyumbani saa mbili usiku, huenda hazikumbuki. Ujumbe unaomfikia jioni ya siku ya 6 kumwambia kuwa kesho ni siku ya chanjo ni huduma ambayo angekuwa tayari kuilipia, na unamleta dukani kwako bila wewe kumsihi anunue kitu chochote.

Fikiria pia kinachotokea asipokumbuka. Mdondo hauna tiba, na ukiingia kwenye banda la kuku ambao hawakuchanjwa unaweza kulifagia lote kwa siku chache. Mfugaji aliyepoteza kuku mia mbili kwa namna hiyo mara nyingi hanunui tena vifaranga. Hugeuza banda kuwa stoo, na wewe unapoteza mifuko yote ambayo angeinunua mwaka mzima. Kwa hiyo, kwa duka kama lako, kumkumbusha mteja chanjo ni kulinda mauzo yako ya miezi ijayo, na naamini kuna faida kubwa zaidi hapo kuliko katika tangazo lolote la punguzo la bei.

Ujumbe wenyewe unaweza kuwa hivi: «Mama Neema, kesho vifaranga wako wanatimiza siku 7, siku ya chanjo ya mdondo. Chanjo ipo dukani hadi saa 12 jioni. Njoo na chombo chenye barafu.» Hapo kuna jina lake, jambo linalomhusu yeye na si jirani yake, siku, saa ya kufunga duka, na agizo la barafu ambalo linaonyesha kuwa anayeandika anaijua kazi, kwa sababu chanjo iliyopata joto njiani haifai kitu. Ukipenda, siku hiyo hiyo unaweza kumwongezea ujumbe wa pili wa kumkumbusha asichanganye chanjo na maji ya bomba yaliyotiwa klorini, kwa kuwa klorini huiharibu. Mtu aliyesaidiwa hivyo hawezi kukuweka kundi moja na matapeli.

Kuna aina moja tu ya tangazo la jumla ambalo ningekushauri ulitume kwa watu wote wa daftari, nalo ni la msimu. Anayetaka kuuza kuku wakati wa Krismasi hana budi kuwa na vifaranga bandani kufikia katikati ya Novemba, na anayelenga Idi inampasa ahesabu wiki hizo hizo kurudi nyuma, tena akikumbuka kuwa sikukuu hiyo hufuata mwandamo wa mwezi na kila mwaka huwahi kwa takriban siku kumi au kumi na moja. Ujumbe wa kupokea oda za vifaranga ukienda mapema, wiki mbili au tatu kabla ya tarehe ya kuwaingiza bandani, utamkuta mfugaji akiwa bado hajaamua aagize wapi. Ukienda Desemba, umepoteza fedha. Zaidi ya hapo, nakusihi ujizuie. Mteja anayepokea ujumbe wako kila wiki bila sababu inayomhusu ataacha kuufungua, na siku ya chanjo nayo itampita.

Sasa niseme juu ya zile namba elfu tano. Jambo la kwanza ni hesabu. Tuchukulie kwamba kila ujumbe utakugharimu shilingi 20. Uliza bei halisi kwa watoa huduma wawili au watatu, kwa sababu hutofautiana kulingana na wingi unaonunua. Kwa bei hiyo, watu elfu tano ni shilingi 100,000 kwa tangazo moja, yaani faida ya mifuko zaidi ya 33, na katika watu hao hujui hata mmoja kama ana kuku. Watu mia nne wa daftari lako ni shilingi 8,000, na mifuko mitatu tu ya ziada inazirudisha. Mtu anayeishi kwenye ghorofa Upanga yumo katika Wilaya ya Ilala sawasawa na jirani yako wa Chanika, lakini habari ya vifaranga itamfaa nini?

Jambo la pili ni sheria, na hapa naomba usome kwa makini. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu tangazo la biashara ambalo hakuliomba, isipokuwa awe ameridhia, ujumbe umtaje mtumaji na kusudi lake tangu mwanzo, na mpokeaji apewe njia ya kukataa kutumiwa tena. Sheria hiyo hiyo inamtambua mtu aliyekupa namba yake wakati wa kununua kwako kuwa ameridhia, mradi umtumie habari za bidhaa zinazofanana na alizonunua na uwe umempa nafasi ya kukataa. Daftari lako linaweza kuingia katika nafasi hiyo. Orodha ya kununua haiwezi. Baadaye ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi halali linalojulikana, na inampa mwenye taarifa haki ya kukutaka uache kuzitumia kwa matangazo. Sheria hiyo pia inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kabla hujaanza kutuma kwa wingi, wasiliana na Tume uulize utaratibu unaolihusu duka la ukubwa wako, nawe upate jibu kutoka kwao wenyewe badala ya kulipata kwa kijana anayetaka kukuuzia huduma.

Muulize kijana huyo namba alizipata wapi. Kila anayeishi Dar es Salaam ameandika namba yake kwenye daftari la mlinzi getini, kwenye kibanda cha wakala wa fedha, kwenye fomu ya nyumba ya wageni, na hakuna mahali hata pamoja alipoandika ili auziwe vifaranga. Jambo hili linanigusa, kwa sababu watu wetu wengi wanatoa namba zao kwa imani, na imani hiyo ikichezewa anayeumia baadaye ni pamoja na mfanyabiashara mwaminifu ambaye ujumbe wake wa kweli haufunguliwi tena.

Hapo ndipo shemeji yako ana hoja. Watu wametumiwa meseji za kitapeli mpaka wamechoka, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imewafundisha wananchi kuzipeleka namba za matapeli kwenye 15040. Mtu asiyekufahamu akipokea ujumbe wako usiku, unaotaja fedha na namba, ana haki ya kukushuku. Kwa hiyo jiwekee mwiko: usimwambie mteja atume fedha yoyote kupitia ujumbe huo, usiweke namba ya kulipia ndani yake, wala usiweke kiungo cha kubofya. Malipo yafanyike dukani au kwa namba ya malipo iliyobandikwa ukutani ambayo mteja ameizoea. Na madeni usiyadai kwa ujumbe wa jumla hata siku moja. Mwenye deni mpigie simu mwenyewe.

Kuhusu uandishi, kuna mambo machache ya kiufundi ambayo yatakuokolea fedha. Ujumbe mmoja huchukua herufi 160, ukihesabu nafasi na alama za uandishi. Ule niliokuandikia hapo juu una herufi 144, kwa hiyo unalipia mmoja. Ukizidi 160, ujumbe hukatwa vipande vya herufi 153 kila kimoja na unalipia kila kipande, hata kama mteja anauona kama ujumbe mmoja. Ukiweka kikaragosi cha kuku au alama nyingine isiyo ya kawaida, nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70 kwa ujumbe mzima. Sisi waandishi wa Kiswahili tuna mtego wetu hapa: katika neno ng'ombe, ile alama ikiwa imesimama wima hakuna tatizo, lakini ikiwa ni ile iliyopinda, ambayo baadhi ya simu na kompyuta huiweka zenyewe, basi ujumbe mzima unahesabiwa kwa kipimo cha 70. Ukitangaza chakula cha ng'ombe kwa watu mia nne bila kuliangalia hilo, unaweza kulipa mara mbili au tatu kwa sababu ya kialama kimoja.

Jina la mtumaji nalo lina mpaka wa herufi 11, na nafasi huhesabiwa. «Kuku Chanika» ni herufi 12, halitaingia, «KukuChanika» litaingia. Jina hilo husajiliwa kupitia kampuni inayokutumia ujumbe, na ni vizuri ujue kasoro yake kabla hujavutiwa nalo: mteja hawezi kulijibu. Akitaka kuuliza bei, au akitaka umwondoe kwenye orodha, hana pa kuandikia. Kwa sababu hiyo, matangazo ya msimu yakienda kwa jina, lazima ndani yake uweke namba ya simu ya duka na maneno kama «Hutaki ujumbe? Tupigie.» Vikumbusho vya chanjo ningependa vitoke kwenye laini ya duka yenyewe, ile wanayoifahamu, kwa kuwa kwa siku moja watakaofikia siku ya 7 au ya 14 ni watu wachache, na mtu akijibu «naomba uniwekee, nitachelewa», umeshauza. Laini ya kawaida usiitumie kutuma kwa mamia kwa mkupuo, kwani mtandao unaweza kuifungia.

Binti yako hajakosea kuhusu WhatsApp, ila amesahau wateja wenye simu za vitochi na wale ambao bando limekwisha. Picha za vifaranga zinapendeza kule, na hilo endeleeni nalo. Lakini orodha ya kutuma kwa pamoja ndani ya WhatsApp ina ukomo wa watu 256, na ujumbe huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako kwenye simu zao. Meseji haihitaji bando, na simu ikiwa imezimwa mtandao huihifadhi kwa muda na kuifikisha inapowashwa. Kwa tangazo la picha tumia WhatsApp, kwa chanjo ya kesho tumia meseji.

Umesema kijana alikuhakikishia kuwa karibu kila meseji husomwa. Anachoweza kukuonyesha ni taarifa ya kwamba ujumbe umefika kwenye simu; kama umesomwa, mtandao hauna namna ya kujua. Omba hiyo taarifa ya kufika kila unapotuma, na namba ambazo hazipokei mara mbili tatu mfululizo uziondoe usiendelee kuzilipia. Kampuni yoyote utakayoipa orodha yako iandikishe kwenye mkataba kwamba haitazitumia namba hizo kwa mteja mwingine wala kuziuza. Mteja wako mpya, naye umwambie pale kaunta, kwa sauti, kwamba namba anayoandika utaitumia kumkumbusha chanjo na kumjulisha vifaranga wakifika, na umuulize kama anaridhia. Weka alama ya vema pembeni ya jina lake. Wale wa zamani waulize kadiri wanavyofika dukani.

Kuhusu ile laki mbili, usiitumie yote. Nakushauri utenge shilingi 30,000 kwa majaribio na zilizobaki uongezee mifuko, maana mteja akija kwa ujumbe wako akakuta chakula kimekwisha, umemlipia nauli ya kwenda kwa jirani. Kisha fanya hivi: katika ukurasa wa waliochukua vifaranga mwezi huu, wenye alama ya vema, mstari wa kwanza mtumie vikumbusho na tangazo la msimu, wa pili usimtumie, wa tatu mtumie, wa nne usimtumie, hivyo hivyo mpaka mwisho. Usichague wateja wazuri upande mmoja, kwa sababu hao wangekuja hata bila kuitwa, na ungejidanganya kuwa ni meseji iliyowaleta. Kila mtu anaponunua chanjo au mfuko, weka alama mbele ya jina lake. Waliokosa ujumbe, siku ya chanjo ukiwaona dukani waambie kwa mdomo kama ulivyozoea. Sitaki umfiche mtu jambo la kumwokolea kuku kwa ajili ya hesabu.

Baada ya makundi mawili ya kuku kuuzwa, ambayo ni kama miezi mitatu, linganisha mifuko na chanjo zilizonunuliwa na kila upande. Upande uliotumiwa ujumbe ukiwa umezidi kwa kiasi ambacho faida yake inalipa gharama na kubaki, panua kwa daftari zima. Ukikuta tofauti ni ndogo au hakuna, acha matangazo ya msimu, lakini vikumbusho vya chanjo endelea navyo kutoka kwenye laini ya duka, kwani gharama yake ni ya kifurushi cha kawaida cha meseji ambacho pengine tayari unakinunua.